Sura ya Shangazi Kwenye Habari ya Mwingine

Watu mia tatu na kumi na wawili wa kundi la simu la wazazi wa shule waliiona ile kadi kabla yangu, na sidhani kama hata kumi waliifungua. Naanza na hao kwa sababu ndio ninaowakasirikia zaidi mpaka leo. Wengine wote katika kisa hiki walikosea kwa haraka, au kwa uvivu, au kwa kiburi cha cheo. Hawa walikuwa na simu mkononi na nusu dakika ya kusoma, lakini kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kusambaza.

Kadi ninayoisema ni kile kisanduku kinachotokea mtu anapoweka linki kwenye kundi: picha juu, kichwa cha habari chini yake, kisha jina la tovuti kwa herufi ndogo. Hii ilikuwa na picha ya mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani imeshuka puani, anatabasamu, mkono wake wa kushoto umeshika bega la mtoto wa darasa la kwanza. Chini ya picha, kwa herufi nene: "Mwanamke anaswa kwa tuhuma za kuiba watoto." Mwanamke wa kwenye picha ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na hajawahi kuiba hata pini ya mteja.

Jina lake halisi linajulikana na ofisi za serikali tu. Mtaani anaitwa Mama Marinda, kwa sababu sketi za shule anazoshona marinda yake hayafunguki hata mtoto akiruka kamba mwaka mzima. Ana chumba kimoja cha kazi, mlango wake unafunguka barabarani, mkono wa kulia kinyozi, mkono wa kushoto duka la vipuri vya baiskeli. Ndani mna cherehani mbili, ya kukanyaga anayoipenda na ya umeme asiyoiamini, meza ya kukatia, pasi, na benchi refu ukutani. Benchi hilo ni la watoto. Mama akitaka kwenda sokoni, au hospitali, au kumaliza ugomvi wake na mumewe, mtoto anaachwa pale. Shangazi hawabembelezi. Anawapa kopo la vifungo wavipange kwa ukubwa, na anayepiga kelele anaambiwa anyamaze au atashonwa mdomo kwa uzi wa jinzi. Watoto wanacheka, maana wanamjua.

Kwa watu wazima ana mdomo mkali zaidi. Mama akileta sare iliyonunuliwa dukani ili ipunguzwe, shangazi huigeuza ndani nje, huonyesha mshono ulioachia, kisha huuliza nani aliyemlaani. Mimi mwenyewe nililala chumba chake cha nyuma miaka minne nikisoma kompyuta, na hakuna siku aliyoacha kuniambia kwamba nimechagua kazi ya kukalia matako. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za watu wadogo: maduka, kliniki, chuo kimoja cha udereva. Kwake yeye huko ni kupaka rangi hewa. Nampenda mno, na sisemi hivyo kwa kupita.

Sasa, Alhamisi ya juma lile gazeti moja la mtandaoni, ambalo nusu ya mji hulisoma kwenye simu, lilimwandika vizuri. Mwandishi wao, binti mwenye adabu, alikuja na kamera, akakaa saa mbili, akatoa habari ya fundi aliyevisha shule za mtaa kwa miaka ishirini na sita. Picha ile ilikuwa ya habari hiyo, na mtoto yule alikuwa anapimwa mabega. Shangazi alinitumia linki akasema waandishi wa siku hizi wanaongeza chumvi, kisha akanipigia mara tatu kuuliza kama nimeshaisoma.

Ijumaa, katika mji mwingine kabisa, polisi walimkamata mwanamke kituo cha mabasi akiwa na watoto wawili wasio wake. Gazeti lile lile likaandika. Mchana huo huo baba akanitumia kadi, bila neno hata moja.

Nilimpigia shangazi. Alikuwa anapiga pasi, na hakujua chochote. Alichojua ni kwamba mama wanne walikuja ndani ya saa moja kuchukua watoto wao kwenye benchi bila kumtazama usoni, na kwamba Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alipiga simu akasema ile safari ya Jumatatu, ya kupima watoto wa darasa la kwanza, isubiri kidogo mpaka mambo yapoe. Shangazi aliuliza mambo gani. Mwalimu Mkuu akasema simu inakatika. Nikiwa bado hewani nilisikia kinyozi akiingia, kisha pasi ikiwekwa chini. Kinyozi alikuwa amemwonyesha.

"Mwanangu," shangazi aliniambia, "wameniweka mimi."

Nikafungua ile habari yenyewe. Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka ikawa ya aina nyingine, kwa sababu ukurasa ulikuwa sahihi. Picha iliyokuwa pale ilikuwa ya kituo cha mabasi. Jina la mtuhumiwa lilikuwepo, umri wake, mji wake. Shangazi hakuwemo mahali popote. Yeyote aliyeifungua angejua kwa kutupa jicho mara moja kwamba Mama Marinda hahusiki.

Basi nikaangalia upande wa ndani, ambao wasomaji hawauoni. Kila ukurasa wa tovuti una mistari michache iliyofichwa kule juu, lebo za kuziambia mashine ukurasa huu ni wa nini. Kuna lebo ya kichwa, ya muhtasari, na ya picha. Linki ikiwekwa kwenye kundi, mtandao hausomi habari kama mtu. Unakwenda kuchukua lebo hizo na kutengeneza kadi. Lebo ya kichwa ilikuwa ya Ijumaa. Lebo ya picha ilikuwa bado ya Alhamisi, na jina la faili liliandikwa "fundi-wa-sare".

Nilijua papo hapo kilichotokea, maana ni mchezo wetu sote tunaofanya kazi hii. Ukiwa na haraka huanzi ukurasa mpya. Unanakili wa jana, unafuta maneno, unabandika mengine, unabadilisha picha inayoonekana, unachapisha. Mimi pia nimewahi. Linki ya kliniki ya meno ya mteja wangu mmoja ilisambaa siku nzima ikiwa na picha ya matairi ya mteja mwingine, na daktari na mimi tukacheka mpaka machozi. Ubaya wa kosa hili ni kwamba mara tisa kati ya kumi linachekesha, kwa hiyo hakuna anayejifunza.

Kwenye kundi la wazazi hakuna aliyekuwa anacheka. Kaka yangu ana mtoto shule ile, akanipa simu yake nisome. "Lisemwalo lipo," aliandika mmoja. Mwingine: "Ndiyo maana pale kwake watoto hawakosekani." Miaka ishirini na sita ya kuwatunzia watoto wao bure ndiyo iliyogeuka ushahidi. Mama mmoja, Mungu ambariki popote alipo, aliuliza kama kuna aliyeisoma habari yenyewe. Ujumbe wake ulikaa pale peke yake, na chini yake mtu akauliza kama kesho kuna masomo ya ziada.

Jumamosi ndugu tulikutana sebuleni kwa shangazi. Baba, ambaye ni mpole hadi anaudhi, alimshauri afunge chumba wiki mbili, akae ndani, watu watasahau. Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama.

"Mimi kazi yangu ni kuvisha watu," shangazi alimjibu. "Sichutami."

Akanigeukia, akaniuliza kama hiyo kazi yangu ya kukaa inaweza kuonyesha kwa nini uso wake uko kwenye kosa la mwingine. Nikamfungulia kompyuta, nikamwonyesha mistari ile mmoja mmoja. Hakuuliza maswali mengi. Alisoma jina la faili kwa sauti, polepole, kisha akasema kwa hiyo wamemshonea lebo ya nguo ya mtu mwingine. Nikamwambia ndivyo hasa. Akasema Jumatatu twende, na nivae viatu vinavyofungwa, si ndala.

Ofisi za gazeti ziko ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia. Mhariri alitupokea kwa heshima nyingi, akatupa viti, akaagiza chai. Ni mtu wa maneno laini na saa kubwa. Alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akageuza kompyuta yake kuelekea kwetu.

"Mama, tazama mwenyewe. Picha yako iko wapi hapa?"

"Hapa haipo," shangazi akasema.

"Basi umeona. Sisi hatujakukosea."

"Na kwenye simu za watu ilijipeleka yenyewe?"

Mhariri akaeleza kwamba mitandao ina mambo yake, kwamba gazeti linatawala kurasa zake tu, haliwezi kutawala kinachoonekana huko nje kwa watu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemweleza bibi namna ya kuwasha runinga. Hapo nilisimama. Najua kwa nini lebo zile ziliwekwa duniani: ziliwekwa ili mwenye ukurasa achague mwenyewe linki yake ionekane vipi ikitumwa. Ndiyo kazi yake pekee.

"Mtandao haukuchagua picha," nikamwambia. "Uliwauliza nyinyi, na nyinyi mkajibu."

Nikamfungulia mistari kwenye kompyuta yake mwenyewe, nikaweka kidole kwenye jina la faili. Akaita mtu. Akaja kijana wa miaka thelathini hivi, spika za masikio zinaning'inia shingoni, ambaye ofisi nzima humwita Bandika. Sikulitunga mimi jina hilo. Wenzake ndio waliompa, kwa kusifu kasi yake.

Bandika aliinama, akasoma mstari mmoja. Akakiri kwamba ni kweli, aliinakili ya jana kwa sababu walitaka kuwatangulia wenzao. Nampa heshima kwa hilo, na hapo hapo heshima yangu inakwisha. Akavuta kiti, akabadilisha lebo, akauambia mtandao uichukue upya. Nilihesabu. Ilichukua chini ya dakika moja.

"Tayari, mama. Nimesharekebisha."

"Umerekebisha nini?" shangazi akauliza.

Akaeleza kwamba kuanzia sasa mtu akituma linki ile, itatokea picha ya kituo cha mabasi.

"Na zilizokwisha kwenda?"

Bandika akamtazama bosi wake. Alisema zile zimeshakaa kwenye simu za watu, hakuna mkono unaozifikia, maji yakimwagika hayazoleki.

"Najua hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga hupangusa sakafu."

Shangazi alitaka aombwe radhi, na iandikwe pale pale ilipoandikwa habari ile. Mhariri alijikuna kidevu, akakubali kutoa kile alichokiita ufafanuzi, akauandika mbele yetu kwa ustadi mkubwa. Kichwa chake kilikuwa: "Ufafanuzi kuhusu picha ya mwanamke aliyeiba watoto kuchanganywa na ya fundi wa sare." Akaweka picha ya shangazi, eti kumpa heshima. Nilimwomba Bandika aijaribu kwanza kwenye simu yake kabla ya kuchapisha. Kadi ikatokea. Kichwa kilikuwa kirefu mno, na kadi hukata vichwa virefu. Kulikuwa na uso wa shangazi, na chini yake: "Ufafanuzi kuhusu picha ya mwanamke aliyeiba watoto..." Yaliyobaki yalikuwa nukta tatu.

Shangazi alivaa miwani akasoma. "Hapa nimeiba mara ya pili," akasema.

Kama ningekuwa na umri wake ningekuwa nimeshapindua meza. Yeye aliomba karatasi. Akaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika vipimo: MAMA HUYU HANA KOSA. KOSA NI LETU. Akamsukumia Mhariri, akamwambia hiyo haikatwi, ni fupi.

Mhariri aliipenda sentensi ya kwanza. Ya pili ilimkwama kooni. Alizungumzia sheria, wakili, heshima ya chombo. Akapendekeza badala yake "hitilafu ya kiufundi imetokea". Shangazi akanyoosha kidole kwa Bandika, aliyekuwa amerudi kusimama mlangoni.

"Hitilafu haina mikono," alisema. "Huyu anayo."

Tukaondoka bila kitu. Ngazi zote mbili nilishuka natukana mazulia, natukana ngazi. Shangazi alishuka polepole nyuma yangu. Nilidhani amechoka.

Jumanne nilikuwa kwa mteja wangu wa chuo cha udereva dada wa mapokezi wa gazeti aliponipigia, akaniomba nije nimchukue mama yangu. Nilipofika nilimkuta shangazi kwenye sofa ya wageni, miguu imenyooka, kando yake mfuko wa mashati arobaini ya shule, anashona vifungo. Alikuwa pale tangu saa mbili asubuhi. Hakupiga kelele wala hakumzuia mtu kupita. Kila mgeni aliyeingia alimwamkia vizuri, na mgeni akiuliza mama unasubiri nini, alimwambia. Alikuwa na simu yake juu ya goti, kadi imefunguliwa, akiwaonyesha kama mtu anavyoonyesha picha ya mjukuu.

Niliketi naye. Nikaanza kumtungia uzi sindanoni, kwa kuwa macho yake hayana haraka tena. Saa tano akaingia mtu wa magodoro, mwenye viwanda, ambaye tangazo lake hukaa juu kabisa ya kila ukurasa wa gazeti lile. Alikuja kupanga matangazo ya mwezi mzima. Akamwamkia shangazi, akauliza, akaambiwa. Akaishika ile simu, akaisogeza karibu na macho, akaguna. Mhariri alipotoka ofisini akiwa ametanguliza mkono wa salamu, mtu wa magodoro hakuupokea.

"Na langu mtalibandika juu ya habari ya nani?" akamuuliza, kisha akashuka ngazi.

Kabla ya adhuhuri sentensi zote mbili zilikuwa zimekubaliwa. Naandika hili kwa uchungu: mwanamke aliyepakwa jina la mwizi wa watoto alikaa mbele ya mtu yule siku mbili, na hakumgusa. Magodoro yalimgusa kwa dakika tatu. Shangazi alimalizia kifungo alichokuwa nacho, akakata uzi kwa meno, akasema twende.

Jumatano ikatoka. Nilikagua lebo mwenyewe, kichwa, muhtasari, picha. Kadi ilikuwa safi: uso wake, tabasamu lake, "Mama huyu hana kosa. Kosa ni letu." Hakuna kilichokatwa. Nikaituma kila mahali nilipoweza. Kaka akaiweka kwenye kundi la wazazi. Tukakaa kusubiri, mimi, yeye na baba, tukiangalia simu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Ile ya Ijumaa ilikuwa imesambazwa na watu elfu kadhaa kabla Bandika hajagusa lebo. Hii ilisambazwa na watu kumi na wanane, na sita kati yao ni sisi wa nyumba moja. Kwenye kundi la wazazi walijibu watu wanne. Watatu waliweka alama ya viganja vilivyounganishwa. Wa nne aliandika, "Pole mama, tulijua tu." Walijua. Yule aliyeandika lisemwalo lipo hakufuta neno lake, wala msimamizi wa kundi hakulifuta, na saa hiyo hiyo wakarudi kubishana kuhusu basi la shule. Nilitaka kuingia nimtaje kila mmoja kwa alichokiandika, na nilikuwa nimepiga picha ya maneno yao yote. Shangazi akanikataza. Alisema hao ndio watu wake, hana wengine.

Mwalimu Mkuu alipiga simu jioni ile, sauti imekuwa tamu, akasema jina jema hung'ara gizani, na kwamba Jumatatu ijayo aje kupima watoto kama kawaida. Sikumsikia akieleza giza lile yeye alilichangia kwa kiasi gani. Shangazi alimshukuru. Alipokata simu akaanza kunoa chaki za kuchoria nguo, zote, hata mpya.

Jumamosi nilikuwa chumbani kwake tangu asubuhi. Nilikuwa nimepeleka kompyuta yangu pale makusudi, nikajikalisha kwenye benchi la watoto, kwa sababu lilikuwa tupu na sikuweza kulitazama likiwa tupu. Saa nne akaingia mke wa kinyozi na kitindamimba wake. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Watoto wake watatu wamelelewa nusu kwake na nusu pale, na huyu mdogo alijifunza kusimama akishikilia mguu wa ile cherehani ya kukanyaga. Aliingia akicheka, akalaani gazeti, akamlaani Bandika asiyemjua, akasema yeye hakuamini hata sekunde moja. Alisema mtoto ameongezeka, anahitaji shati na kaptura.

Shangazi alifurahi. Nilimwona, alifurahi mpaka akasahau kumtania mtoto. Akachukua tepu, akapima kifua, akapima kiuno, akaandika. Mke wa kinyozi alikuwa bado anaongea. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika mkono wa kushoto wa mwanawe, tangu mlangoni, na haukuwa umeuacha. Mtoto alijaribu kujivuta aende kwenye kopo la vifungo, akarudishwa.

Shangazi akaomba auachie mkono, apime urefu wa mkono wa shati.

"Pima huu mwingine, Mama Marinda," mke wa kinyozi akasema, huku akitabasamu. "Si inalingana?"

Nadhani hakujua alichokifanya mpaka alipokwisha kukisema. Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yalikimbia kwenye ukuta, kwenye pasi, kwangu. Mkono hakuuachia. Mimi nilikuwa nimeshasimama, na nilikuwa na maneno mengi mdomoni, ya wiki nzima. Shangazi akanitazama, nikakaa.

Akamwekea tepu kiganjani.

"Leo pima wewe," alisema. "Mimi nitaandika."

Mke wa kinyozi alipima. Alipima kwa mkono mmoja, ncha ya tepu ameibana kwenye kile kiganja kilichoshika mkono wa mtoto, tepu imelegea, imepinda kwenye kiwiko, akasoma namba. Hata mimi nisiyejua kushona niliona kwamba mkono wa shati ungeishia juu ya kifundo cha mkono. Akapima bega, akakosea tena. Shangazi, ambaye hajawahi kuacha kipimo kibaya kipite mbele yake, hakusahihisha. Aliandika kila namba aliyotajiwa, akafunga daftari, akamwambia aje Alhamisi.